Shangazi, nisaini kwamba mwenzangu alianguka kwa ugonjwa wake?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako kutoka Temeke, mwanamke wa miaka 34, mama wa watoto wawili. Nafanya kazi ya uhasibu kwenye kampuni ya usambazaji wa bidhaa hapa Dar es Salaam. Naomba usitaje jina langu wala la kampuni, sababu utaziona. Naomba pia unisomee mpaka mwisho, kwa sababu nimepewa karatasi kazini na majibu yanatakiwa wiki hii.

Kila mwaka tulikuwa na bonanza la wafanyakazi. Tunacheza mpira, tunavuta kamba, tunakimbiza kuku, tunakula pilau, tunarudi nyumbani. Mwaka huu bosi alisema tumelegea, kampuni inahitaji nidhamu ya kijeshi. Akamleta bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa ni askari mstaafu anayeendesha mafunzo ya ukakamavu kwa maofisi. Tangazo likabandikwa ubaoni: Jumamosi, ufukweni Kigamboni, kuhudhuria ni lazima, na asiyefika ataandika barua ya kujieleza. Ilikuwa Februari, Shangazi, na unaijua Februari ya Dar.

Asubuhi kwenye basi tuligawiwa fulana zenye mabaka kama kombati, kisha ikapitishwa fomu. Fomu inasema tunashiriki kwa hiari yetu wenyewe na lolote litakalotokea kampuni haihusiki. Tulisaini mapajani, kalamu moja inapita kiti kwa kiti. Hakuna aliyeulizwa kama ana presha, kama ana kisukari, kama ana mimba.

Ufukwe wenyewe uko mbele ya Mjimwema. Tulitakiwa kuanza saa 1 asubuhi kukiwa na ubaridi, lakini gogo na matairi ya mazoezi yalichelewa, tukaanza saa 5. Kuna kaka yetu wa stoo alikosa basi, akapanda kivuko Magogoni, akakuta foleni. Alifika mazoezi hayajaanza kabisa. Hata hivyo mkufunzi, ambaye tuliamriwa kumwita afande, alimtoa mbele ya watu wote akasema kuruta aliyechelewa atalipa. Akamrusha kichura kwenye mchanga mkavu, mikono masikioni. Sisi tulikuwa tunahesabu kwa sauti kama tulivyoamriwa. Baada ya mia moja hesabu ikavurugika, na afande akasema tukikosea tunaanza upya.

Baadaye tukawekwa kwenye vikundi, tukabeba gogo, mchakamchaka mpaka kwenye mawe na kurudi. Kaka wa stoo alikuwa kikundi changu. Saa 7 mchana nilimwona anayumba. Nikamwuliza, "Kaka, uko sawa?" Akanijibu maneno ambayo hayaeleweki, kitu kuhusu funguo za stoo. Nikamwambia afande huyu mtu anaumwa. Afande akaniambia nipige pushapu kumi kwa kuongea bila ruhusa. Kaka akaanguka. Afande akasema anaigiza, mwacheni, atainuka mwenyewe.

Aliyetusaidia ni kijana muuza madafu. Alikuja mbio, akatuambia tumvute kivulini, akamvua fulana, akaanza kumwagia maji kwa ndoo. Basi lilikuwa limeondoka, lingerudi saa 10. Gari la bosi lilikuwa limeenda kufuata nyama. Hakukuwa na daktari wala nesi wala hata boksi la huduma ya kwanza. Tulimpakia kwenye bajaji mpaka kituo cha afya, akatundikiwa dripu, akapata fahamu vizuri, jioni akaruhusiwa. Bosi alifurahi, akasema mnaona, ni uchovu tu.

Jumapili mapaja yalivimba, hawezi kukaa wala kusimama. Mkewe akaenda duka la dawa wakampa diklofenaki. Jumatatu mkojo ukatoka mweusi kama strungi, halafu ukapungua ukawa kidogo sana. Alipopelekwa hospitali kubwa wakakuta figo hazifanyi kazi. Amesafishwa damu kwa mashine mara kadhaa. Bado amelazwa, ingawa tunaambiwa mkojo umeanza kurudi.

Sasa kazini hali imebadilika. Kwanza wanasema lile lilikuwa bonanza, siku ya mapumziko, si kazi, na watu walisaini fomu. Pili, sijui wamepata wapi majibu ya vipimo vyake, wanasema madaktari wamegundua ana selimundu (sickle cell), kwa hiyo ni ugonjwa wake binafsi aliokuja nao. Sisi tuliokuwa kikundi chake tumepewa maelezo yaliyokwisha kuchapwa tusaini. Yanasema mkufunzi alimpumzisha mara tu alipolalamika, maji yalikuwepo ya kutosha, na marehemu (hivyo ndivyo lilivyoandikwa mara ya kwanza, wakalifuta kwa kalamu wakaandika mhusika) alikuwa na historia ya kuanguka. Mimi sijawahi kumwona akianguka tangu nimjue.

Wenzangu wawili wameshasaini. Mume wangu anasema nisaini, tuna ada ya shule na kodi ya nyumba, na mgonjwa hatapona kwa sababu mimi nimefukuzwa kazi. Mke wa kaka wa stoo amenipigia simu akilia, anataka kujua kilichotokea, nami nikamwambia nitampigia. Na juu ya hayo yote, tangazo la awamu ya pili limeshabandikwa. Mwezi ujao tutavuka mkondo wa bahari kwenye mikoko kwa kamba, tukiwa na mizigo mgongoni, eti kujenga kuaminiana.

Nisaini? Nimwambie nini mkewe? Na hiyo awamu ya pili niende?

Ni mimi, mhasibu wa Temeke.

*

Marahaba mwanangu.

Usisaini. Nimeona nianze na hilo kwa sababu una muda mfupi, na yote nitakayoandika chini yanaeleza kwa nini na kwa njia gani. Umpe pole sana mgonjwa, na umpe pole mkewe.

Kuna jambo la haraka kuliko hiyo karatasi. Kwenye hilo kundi, je, kuna mwingine aliyerushwa kichura siku ile akaona mkojo wake umebadilika rangi, hata kama ilikuwa siku moja tu? Aende hospitali akapimwe damu, kipimo cha kreatinini, kitakachoonyesha kama figo ziko salama. Waambie wenzako leo, hata hao waliosaini.

Miaka niliyofanya uuguzi wodini nilijifunza kuogopa mkojo wa rangi ya strungi kwa mtu aliyetoka kufanya kazi nzito. Misuli ikilazimishwa kupita uwezo wake, hasa kwa zoezi moja linalorudiwa na mtu asiyelizoea, chembe zake hupasuka. Kichura kinashika misuli mikubwa kuliko yote mwilini, ya mapaja na makalio. Ndani ya chembe hizo kuna protini inayoitwa mioglobini, nayo humwagika kwenye damu na kuchujwa na figo. Ikiwa nyingi, na mwili umekaushwa na jua, huziba na kuumiza mirija ya figo. Rangi nyeusi uliyosimuliwa ni hiyo mioglobini. Dalili huja siku moja au mbili baadaye, ndiyo maana Jumamosi jioni kila mtu alidhani yameisha. Na hapo kwenye diklofenaki moyo wangu uliuma. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na figo za mtu huyo zilikuwa tayari zimeelemewa. Mkewe hana kosa lolote hapo. Nusu ya jiji inameza diklofenaki kwa kuuma mgongo, na hakuna aliyemweleza.

Habari njema ni kwamba figo zilizoumizwa kwa njia hii mara nyingi hurudi kufanya kazi, na mkojo kuanza kurudi ni ishara nzuri.

Lakini kabla ya misuli kulikuwa na joto. Mtu anayeyumba akiwa kwenye kazi ngumu juani, halafu akajibu habari za funguo za stoo ulipomwuliza hali, ubongo wake umeanza kuungua. Joto la ndani ya mwili likipita nyuzi 40 na akili ikavurugika, hiyo ni dharura inayoua, hata kama bado anatoka jasho. Dawa yake ni kupozwa hapohapo, kabla hata ya kumsafirisha: kivuli, nguo zivuliwe, maji mengi mwili mzima, upepo, na kama kuna pipa la maji ya baridi atumbukizwe mpaka shingoni huku ameshikwa. Asinyweshwe maji kwa nguvu akiwa amechanganyikiwa, yatampalia. Panadol haisaidii, kwa sababu hiyo si homa. Yule kijana wa madafu alifanya kile ambacho daktari angefanya. Kwa maelezo yako naamini ndiye aliyemwokoa mwenzenu, na ningependa mkewe ajue hivyo.

Sasa hilo la selimundu, kwa sababu ndilo wanalolitumia kama ngao. Soma vizuri majibu wanayoyasema. Kuwa mgonjwa wa selimundu na kuwa mbeba vinasaba ni vitu viwili. Mgonjwa amerithi vinasaba hivyo kwa baba na kwa mama, na ni vigumu mtu wa namna hiyo kufikisha umri wa kubeba magunia stoo bila nyinyi kujua. Mbeba vinasaba amerithi kwa mzazi mmoja, anaishi maisha ya kawaida, na wengi hawajui kama wanavyo. Nchini kwetu watu wa namna hiyo ni wengi mno, kwa sababu vinasaba hivyo viliwakinga mababu zetu dhidi ya malaria kali. Kwenye basi lenu yaelekea walikuwemo wengine.

Mazoezi makali kwenye joto ni hatari zaidi kwa watu hawa, na walioligundua hilo ni wanajeshi wenyewe. Utafiti wa makuruta wa jeshi la Marekani uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba wabeba vinasaba walikufa ghafla mazoezini mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Jeshi likaongeza tahadhari za maji, kivuli, mapumziko na mazoezi ya kupanda polepole. Mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine wa askari wao, nao ukaonyesha kwamba vifo vya wabeba vinasaba havikuzidi tena vya wengine, ingawa kuvunjika kwa misuli bado kuliwapata zaidi. Kwa hiyo kama mwenzenu ni mbeba vinasaba, hiyo inamtwisha mzigo mwenye kuandaa mazoezi. Alipaswa kuuliza, kupima na kujiandaa kabla hajamrusha mtu kichura saa 5 mchana. Na waliopata majibu yake ya hospitali bila ridhaa yake wameingia pabaya. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Nataka niseme kidogo kuhusu jeshi, mwanangu, kwa sababu naumia ninapoona jina lake linatumika hivi. Bosi wenu alitaka nidhamu ya kijeshi. Hakuna nidhamu ya kijeshi mahali ambapo hakuna tabibu, hakuna gari la dharura, na hakuna anayejua watu wake wana hali gani. Huo ulikuwa ubabe uliovaa mabaka. Na hata hayo mabaka si ya kuchezea, maana JWTZ ilishawatangazia raia mwaka 2023 wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake.

Jeshi la kweli linahesabu joto. Marekani vikosi hupandisha bendera kwa rangi kulingana na kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo. Kipimo hicho kikifika takribani nyuzi 32, inapanda bendera nyeusi na mazoezi yasiyo ya lazima husimama. Mchana wa Februari ufukweni kwetu, kaskazi ikiwa imebeba unyevu wote wa bahari, kiwango hicho hakiko mbali. Jeshi linajua pia kwamba mwili unahitaji wiki 1 hadi 2 kuzoea kazi nzito kwenye joto. Nyinyi mlitolewa kwenye viyoyozi Ijumaa mkabebeshwa gogo Jumamosi.

Na pale ambapo jeshi lenyewe limesahau kanuni zake, watu wamekufa, tena watu wenye mazoezi. Tarehe 13 Julai 2013, kwenye milima ya Brecon Beacons huko Wales, askari wa akiba wa Uingereza walikuwa kwenye mtihani wa kuingia kikosi maalumu cha SAS, wakitembea na mizigo. Joto lilikuwa kama nyuzi 27, ambalo kwetu ni asubuhi ya kawaida. Watatu walipoteza maisha. Uchunguzi wa mahakama ya vifo mwaka 2015 ulionyesha kwamba kabla yao wengine walikuwa wameshatolewa kwa kuzidiwa na joto, na kwa kanuni za jeshi lao hapo ndipo zoezi lilipaswa kusimama kwa wote. Kanuni hiyo ishike kichwani, kwa sababu itakusaidia kuandika maelezo yako: mtu wa kwanza kuzidiwa na joto ndiye anayesimamisha zoezi zima. Kwenu, aliyetoa taarifa ya mtu wa kwanza alipewa pushapu.

Tuje kwenye sheria, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu jambo lenyewe liko wazi kuliko wanavyotaka lionekane. Mwajiri alitoa amri, tangazo likasema ni lazima, asiyekuja aandike barua, basi la kampuni likawabeba, mkufunzi akalipwa na kampuni. Kuliita bonanza hakuiondoi ile amri. Na fomu iliyosainiwa kwenye basi haifuti wajibu ambao sheria imemwekea mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haimruhusu mtu kuuza usalama wake kwa saini, na neno "hiari" haliwezi kukaa kwenye karatasi moja na neno "lazima" lililoko ubaoni. Tangazo hilo lipige picha leo, kama bado lipo.

Mwenzenu ana haki ya kudai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mfuko huo unachangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Unagharimia matibabu, unalipa fidia kwa muda ambao mtu hawezi kufanya kazi, unalipa ulemavu wa kudumu kama utabaki, na unasaidia utengamao, yaani kumrudisha mtu kwenye hali ya kujimudu. Na mfanyakazi hahitaji kumthibitisha mwajiri kuwa mzembe ndipo alipwe. Inatosha kwamba ameumia kwa sababu ya kazi na akiwa kazini. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7 tangu ajue. Kama hakutoa, mgonjwa au mkewe wanaweza kwenda WCF wenyewe, na wasisubiri, kwa sababu haki hiyo hupotea zikipita siku nyingi. Ndani ya miezi 12 taarifa iwe imefika. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, nao waarifiwe.

Ona basi hiyo karatasi inafanya nini. Ikisema alikuwa na historia ya kuanguka na kwamba ni ugonjwa wake, inamfungia mlango wa fidia. Mtu amelala kwenye mashine ya kusafisha damu, ana mke na bila shaka watoto, na saini yako inatafutwa ili gharama zimrudie yeye. Mumeo anakupenda, anaogopa ada na kodi, na hofu hiyo ni ya kweli, usigombane naye. Mwambie tu kwamba hata wewe ukiisaini, na baadaye madaktari na wapelelezi wa WCF wakaonyesha vingine, mwenye maelezo ya uongo atakuwa wewe. Aliyeyachapa hakuweka jina lake popote.

Kukataa kusaini si lazima kuwe ugomvi. Omba karatasi tupu. Waambie kwa heshima, "Nipo tayari kutoa maelezo, ila nitaandika mwenyewe nilichokiona." Kisha andika hivyo hasa: siku, mahali, saa mlizoanza, nani aliamriwa nini, ulimwona saa ngapi anayumba, alikujibu nini, ulimwambia nini mkufunzi na mkufunzi alisema nini, nani alimsaidia, mlimbeba kwa chombo gani, gari lilikuwa wapi. Usiandike aliyoyasema daktari, hukuwepo. Usiandike kwamba bosi ni mkatili, hilo ni la wengine kupima. Weka jina, saini na tarehe, piga picha kila ukurasa, mkabidhi anayehusika na umwombe asaini nakala yako kwamba amepokea. Kama una wasiwasi, mpelekee nakala katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi siku hiyohiyo. Hata ile waliyokupa, yenye neno marehemu lililofutwa, usiirudishe bila kuipiga picha. Neno hilo limenitisha, mwanangu. Mtu mzima aliyeliandika alikuwa anaandaa maelezo ya msiba kabla mgonjwa hajafa.

Wakikufukuza kwa sababu hiyo? Siwezi kukuahidi kwamba hawatajaribu. Ninachokuambia ni kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiitambui kuwa sababu halali kumwachisha mtu kwa kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka aitoe. Ukiachishwa, una siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku hizo zinakimbia, na watu wengi hupoteza haki yao wakiwa wanabembeleza warudishwe. Kwa hiyo kuanzia sasa weka nyumbani nakala ya mkataba wako, hati za mshahara na barua zozote za kusifiwa kazi.

Wale wawili waliosaini usiwatenge. Waliogopa kama unavyoogopa. Anayetaka kubadilisha maelezo anaweza kuandika mapya, akaeleza kwamba yale ya kwanza alipewa yakiwa yamechapwa tayari.

Mke wa mgonjwa ulimwambia utampigia. Nenda mwenyewe badala ya kupiga simu, umkute nyumbani au kwenye benchi la hospitali. Kaa naye, msimulie ulichokiona tangu mumewe anafika na kivuko. Usimpunguzie, usimwongezee. Mtu anayeuguza anapofichwa hujijazia mwenyewe, na anayoyajaza huwa mabaya kuliko yaliyotokea. Pengine sasa hivi anajilaumu kwa zile diklofenaki. Mwambie asikubali kusaini chochote kinacholetwa wodini, wala pesa ya "pole" yenye karatasi nyuma yake. Atunze risiti zote na karatasi za kituo cha afya cha kwanza, pale mlipofika na bajaji, maana hizo ndizo zinaonyesha alitoka wapi na saa ngapi. Kama anaweza, aombe taarifa ya daktari yenye chanzo cha kuumia figo kimeandikwa.

Na awamu ya pili usiende. Hili nalisema kwa msisitizo kuliko yote.

Bahari yetu inajaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji hapa Dar es Salaam hupita mita 3. Mkondo wa mikoko ambao asubuhi mtu anauvuka maji yakiwa magotini, saa chache baadaye humfunika, na chini ni tope linaloshika miguu. Mtu mwenye mzigo mgongoni asiyejua kuogelea hapo hana ujanja. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, kambi ya Parris Island huko Marekani, mkufunzi wa wanamaji aliwaingiza makuruta wake kwenye mkondo wa namna hiyo, wa maji ya kujaa na kupwa, ili kuwafundisha nidhamu. Sita walizama. Mkufunzi alishtakiwa mahakama ya kijeshi, na jeshi likalazimika kubadilisha namna linavyowasimamia wakufunzi wake. Hao walikuwa vijana waliochaguliwa kwa afya zao. Nyinyi ni wahasibu, madereva na watu wa stoo, chini ya mkufunzi yuleyule aliyesema mwenzenu anaigiza.

Andika barua fupi kwa mwajiri kwamba hutashiriki kwa sababu za usalama, na uulize kwa maandishi: nani amekagua eneo, maji yatakuwa wapi saa hiyo, waokoaji ni wangapi, nani hajui kuogelea, tabibu ni nani, gari la dharura litakaa wapi. Nakala ipeleke kwa mwakilishi wa usalama na afya wa wafanyakazi hapo kazini, na kwa chama. Msiandike mmojammoja kama mnaweza kuandika pamoja. Barua yenye saini kumi na tano ni ngumu kuifukuza kazi. Mkishaandika, mmoja wenu aende Mjimwema akawaulize wavuvi, au hata kijana wa madafu, siku hiyo ya tangazo ni bamvua au maji mafu, yaani yanayojaa na kupwa kidogo. Jibu watakalompa liingie kwenye barua.

Niandikie tena ukishakabidhi maelezo yako.

Shangazi